Kompyuta ya Ami Nasr Haikauki

Wewe ukiambiwa mama yako ni mchawi, utaleta ushahidi gani kwamba si mchawi?

Khole binti Awadh alileta bisibisi.

Msicheke. Ndicho alichokuwa nacho. Khole ni jirani yetu hapa Azaiba, Maskati, kasoma uhandisi wa umeme, na shahada yake kaitundika dukani karibu na kalenda ya muuza samaki. Siku yenyewe, Julai ya 2004, alikuwa anafungua printa ya bwana mmoja aliyeimwagia chai ya maziwa kisha akaapa kwa Mola wake kwamba hajaimwagia kitu. Khole alikuwa anapangusa sukari kwenye meno ya gia, anaguna peke yake, teksi ikasimama mlangoni.

Akashuka Restituta, dada wa kazi wa bibi yake kule Sib, amekumbatia kitu kikubwa kama sanduku la cherehani.

"Bibi kasema itengenezwe kabla ya Ijumaa," akasema, akaitua kaunta kwa kishindo. "Na kuirudisha, dada Khole, mimi simo. Njia nzima imenilowesha."

Kweli, gauni lilikuwa limemganda kifuani. Khole akadhani jasho. Julai Maskati, nani hatoki jasho?

Ilikuwa kompyuta ya ami yake Nasr, mdogo wake baba. Ni zile za kubebeka za zamani, za miaka ya themanini, ambazo aliyeziita za kubebeka nadhani alikuwa mpagazi wa bandarini. Kibodi ndiyo kifuniko. Kioo kidogo kama sahani ya kikombe, cha maandishi ya kijani. Mgongoni ina kishikio cha ngozi nene. Nasr alikuwa akitembea nayo kama mtoto wa kwanza.

Mwaka 1991 mvua ilipiga milimani, wadi, ule mto mkavu wa bondeni, ikashuka na maji, na gari la Nasr likakutwa limekwama kwenye mitende, milango wazi. Nasr mwenyewe hakuonekana tena. Awadh, baba yake Khole, alieleza mambo kwa ufupi: Nasr aliondoka peke yake, kompyuta akaiacha. Bibi Mahbuba akaipandisha stoo ya juu, akafunga kwa kufuli.

Lakini kuswaliwa mwanawe alikataa. Mwanawe hakufa, ni mughayabu: kachukuliwa na wachawi, yu hai mahali, anatumikishwa. ("Kwetu ni msukule," Restituta alimwambia Khole siku moja, kwa furaha ya mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.) Na aliyechukuliwa lazima awe na mchukuaji. Chakula cha mwisho Nasr alikula kwa Kheiria, mke wa Awadh, mama yake Khole. Kheiria kazaliwa Tabora. Kwa Bibi Mahbuba, aliyezaliwa Malindi ya Unguja na hasahau kukukumbusha, mtu wa bara na fisi wanajuana kwa majina.

Basi ikawa hivyo. Kheiria kapewa wali wa kuku na pilipili za kumpikia shemeji yake, akatoka mchawi. Harusini wanawake wakawa wanawaondoa watoto wao mapajani mwake, taratibu, kwa tabasamu. Na Awadh? Awadh alisema, "Wacheni hayo," akatazama zulia.

Sasa, Restituta akaeleza, stoo ilikuwa imeanza kulia. Kila baada ya alasiri, bip, bip. Mwalimu mmoja wa kuagua, mwenye simu mbili na udi wa bei akamwambia Bibi kwamba ni Nasr anaita. Mashine ikiwashwa Ijumaa mbele ya ukoo, atamtaja aliyemchukua. Akitajwa Kheiria, Awadh atatoa talaka papo hapo. Na Awadh alikuwa amekubali.

Khole alimpigia simu.

"Umekubali vipi, Baba?"

"Mama yangu mtu mzima, Khole."

"Na wangu?"

Awadh akakata simu.

Mpango wa Khole ulikuwa mwepesi. Aitengeneze, aiwashe, wote waione inasema yale ambayo kompyuta husema ikiwa haina diski, yaani hakuna. Kuhusu ule mlio, mashine za namna hii hulia zikiwa na hitilafu. Restituta atakuwa kaichomeka ili apanguse vumbi, akasahau.

"Niichomeke kwa nini?" Restituta, aliyekuwa bado kaunta, alishangaa. "Waya wenyewe panya walishaumaliza zamani. Si uangalie!"

Khole akaangalia. Umebaki urefu wa kidole.

Akafungua skurubu. Ndani kulikuwa na udongo. Si vumbi la stoo. Udongo laini wa rangi ya chai, umekauka na kupasuka, umejaza nafasi zote baina ya chipu. Akaupekecha kwa vidole. Kila aliyekulia Oman anaujua. Ni tope la wadi.

Aliweka brashi chini. Kompyuta iliyobaki nyumbani haiingii tope la wadi, na wadi haipandi ngazi kwenda stoo ya Bibi. Basi ilikuwa garini. Na ikiwa ilikuwa garini, kuna mtu alitoka nayo.

Akaisafisha kwa spiriti, akabadilisha fyuzi, akalehemu waya mpya, akang'oa kapasita zilizovimba. Akaianika juu ya paa, kwenye jua ambalo hukausha kanga kabla hujamaliza kuitandaza. Jioni akaiteremsha, kavu kama mkate wa jana, akafunga duka.

Asubuhi kaunta ilikuwa imelowa.

Akaifungua tena. Tope lilikuwa limerudi. Safari hii bichi. Katikati ya chipu mbili alilala samaki mdogo kama ukucha, wale wa madimbwi ya wadi. Khole akamgusa kwa ncha ya bisibisi.

Akaruka.

Mtu aliyesoma huanza na sababu. Bomba la kiyoyozi limevuja. Watoto wamefanya mzaha. Alipanda kwenye ngazi akapapasa bomba, lilikuwa kavu. Duka lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Akamfukia samaki kwenye chungu cha mrehani. Akaanika mashine upya. Baada ya alasiri, paani, haijachomekwa popote, haina betri, ikalia. Bip. Kimya. Bip. Taratibu, kama mtu anayejizuia asichoke.

Akaikamata kishikio ili aiteremshe.

Kishikio kilikuwa na joto. Juani, ndiyo, kila kitu kina joto. Lakini hili lilikuwa laini. Akakiachia, akainama akakitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Ngozi ilikuwa na mabonyeo. Upande huu vidole vinne vimekamata. Upande wa pili vidole vinne vingine, vimekamata vilevile, kutoka chini. Watu wawili walikishika kishikio kimoja, kwa nguvu zao zote.

Na juu ya vidole vile vya chini kulikuwa na alama nyingine. Nusu duara. Meno.

Khole alizihesabu, kisha akatamani asingezihesabu. Katikati paliachwa pengo, na kando ya pengo alama ya jino lililovunjika kwa mshazari.

Jino lile alilijua. Alikuwa nalo mezani kila siku utotoni. Baba aliwaambia alianguka ngazini, mwaka uleule wa mafuriko.

Usiku ule hakumwambia mama yake kitu. Kheiria alikuwa anakunja nguo zake, zote, akiziweka kitandani kwa mafungu.

"Mama, unafanya nini?"

"Ijumaa si karibu? Sitaki nije nitafute nguo watu wananitazama."

Ijumaa, ukoo ulijaa sebule ya Sib. Mwalimu alifukiza udi mpaka watu wakakohoa. Bibi Mahbuba alikaa mbele, mikono imetulia mapajani. Kheiria alikaa mlangoni, alipokaa miaka yote, na hakuna aliyempa kahawa. Khole akaitua mashine mezani. Akaigeuza mgongo, kishikio kikamwelekea baba yake.

"Chomeka, mwanangu," akasema Bibi.

"Sichomeki, Bibi. Haihitaji."

"Una kiburi, we mtoto."

"Subiri alasiri ipite."

Adhana ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Wanaume wakaenda, wakaswali, wakarudi. Awadh alirudi wa mwisho. Waya ulikuwa umelala sakafuni, wote wanauona.

Bip.

Mwalimu akainuka, akaketi tena. Kioo kikawa kijani. Hapakuwa na herufi hata moja. Kijani tu, na nyuma ya kioo mstari wa maji, unapanda. Ukafika nusu. Ukafika juu. Maji yakaanza kutoka kwenye matundu ya kibodi, ya rangi ya chai, yakatiririka mezani. Yalikuwa na njia ya kwenda upande wowote. Yakaenda kwa Awadh.

"Nasr," Bibi akanong'ona. "Nambie mama. Nani?"

Kishikio kilibonyea. Wote walikiona. Ngozi ikaingia ndani mahali pa vidole vinne, vile vya chini, na maji yakachuruzika kutoka pale.

"Ni huyo!" mwalimu akasema kwa haraka, kidole kinaelekea mlangoni. "Mwanamke wa—"

"Nyamaza," akasema Khole. Hakupaza sauti. "Baba. Jino lako lilivunjikia wapi?"

Awadh alifunika mdomo.

Mkono wa kanzu yake ulikuwa umelowa, na maji hayakuwa yamemfikia bado. Ulilowa kwenye kifundo tu, duara, kama pale mtu anapokushika. Akavuta mkono. Kitambaa hakikuja.

Kheiria alikuwa wa kwanza kuinuka. Alipita katikati ya watu waliompisha kama walivyompisha siku zote, akasimama karibu na mumewe, akatazama ule mkono.

"Awadh," akasema taratibu. "Sema tu. Mimi nguo nimeshakunja."

Awadh akamtazama. Kisha akamtazama mama yake.

"Nilikuwemo garini, Mama." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Nilishika mtende kwa mkono mmoja. Huu mwingine ulinaswa kwenye kishikio cha kompyuta, na yeye kaishika kwa chini. Akawa mzito. Wote tulikuwa tunakwenda. Nikamwambia achia, akasema, Kaka, usiniache."

Bip.

"Kheiria hakumla mtu. Mimi ndiye niliyemng'ata vidole, Mama. Kimoja kimoja. Mpaka akaachia."