Mkwaruzo wa Mjomba

Mikono miwili iliingia kwenye bakuli moja la vipuri, katika duka ambalo Jumamosi watu hukanyagana bila kusalimiana, ikashika transista moja. Mkono wa kwanza ulikuwa wa fundi redio, kijana mpole, isipokuwa kwa masuala ya vipuri. Wa pili ulikuwa na kucha fupi na vidole vyenye sugu.

"Niachie, kaka. Hii ya kizamani huijui."

"Nimeijua kabla hujazaliwa."

"Basi shikamoo, babu."

Muuza duka alicheka hadi akakosea kuhesabu chenji. Fundi akageuka, akaona gauni la njano na gitaa mgongoni, na msimamo wake ukalegea papo hapo.

Dada yule alieleza. Marehemu mjomba wake alikuwa na kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kikilifanya gitaa likwaruze kama mtu aliyelia mpaka sauti ikakauka. Kisanduku kilipotea, ikabaki kanda moja. Aliitaka sauti ile irudi, na transista ya aina hii ndiyo iliyoitoa.

"Nitaijenga," fundi alisema. "Wewe uwe unakuja kusikiliza."

Akaja, akaja tena. Fundi akampa jina la Nyuzi. Kati ya ziara na ziara, simu hazikupumzika.

"Nyuzi, umekula?"

"Nimekula. Kisanduku je?"

"Kimelamba risasi ya kulehemu kidogo, kinalalamika kimeungua ulimi."

Kila alipolehemu waya, sauti ilizidi kuikaribia ile ya kandani, na fundi alizidi kukosa raha. Kazi ikiisha, huyu atakuja kufanya nini? Mtu mwenye akili angemuuliza. Fundi, kwa busara zake, aliamua kufanya mzaha. Aliichomoa transista ya kizamani, akaweka mpya ya bei poa ili kazi isiishe kweli, kisha akatangaza kwamba kazi imekamilika.

Nyuzi alipiga akiwa amefumba macho. Machozi yakamshuka. Akampigia mama yake, akaielekeza simu kwenye spika. "Mama, sikiliza. Mjomba huyu."

Alipokata simu, fundi akaangua kicheko. "Hiyo siyo ile. Nimeweka mpya. Masikio yako yamekudanganya, mpenzi."

Nyuzi hakucheka. Alichomoa waya wa gitaa, akauviringisha polepole.

"Masikio yangu yalikuamini wewe," alisema, akatoka.

Baada ya hapo fundi alipiga simu mpaka akaizoea sauti ya mashine inayosema mteja hapatikani. Mwishowe alirudisha transista ya kweli mahali pake, akavaa shati lake lenye vifungo vyote, akaenda kwa kina Nyuzi. Alimkuta mama mtu sebuleni, anamenya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi uliyemliza mwanangu?"

"Ndimi. Nimekuja kukwambia sauti uliyosikia haikuwa ya kisanduku cha kaka yako. Niliwadanganya nyote wawili."

"Baba, kwenye simu yangu hata mbuzi ni mpiga gitaa. Mimi nilichosikia ni furaha ya mwanangu. Hiyo ndiyo uliyoichezea."



Nyuzi alikuwa amesimama mlangoni, nywele zimesukwa nusu. "Kwa nini ulifanya vile?"

"Kazi ilikuwa inaisha."

"Kwa hiyo?"

"Ungechukua kisanduku chako ukaenda zako."

"Si ungeniuliza?"

"Nakuuliza sasa." Akamkabidhi kisanduku. "Kiko tayari, na kipuri ni kile chenyewe. Fungua uhakikishe. Ukishakichukua, utakuja tena?"

Nyuzi alikipokea bila kukifungua. "Nitakuja kukutukana kwanza."

"Nitakutengea kiti."

"Nina matusi mengi."

"Kwangu ni wazi asubuhi mpaka jioni."

Mama aliinua macho kutoka kwenye viazi. "Huyu mgeni anakula hapa, au anaondoka na njaa yake?"

Nyuzi alimtazama fundi kwa muda wa kutosha fundi kukumbuka dhambi zake zote, pamoja na zile za shule ya msingi.

"Anakula," alisema. "Mpe kisu amenye."