Mazigazi ya Saa Saba

Kazi ya siku hiyo ilikuwa ya kawaida tu, kupima mwinuko wa barabara mpya iliyonyooka, isiyo na hata mti mmoja. Mpimaji alibaki kwenye darubini. Mita mia mbili mbele, shemeji yake, kaka wa mkewe, alisimamisha rula ndefu ya vipimo. Kwa umbali ule watu hawasikiani, huongea kwa mikono. Mkono mmoja juu: njoo. Yote miwili: hapo hapo, usitikisike.

Jua likiwa kali wapimaji huacha kazi. Hewa inayogusa lami hupata moto kuliko ya juu yake, mwanga ukipita hapo hupinda, unaona mbingu chini ukadhani ni maji. Ndiyo mazigazi hayo, na vipimo vyote huwa uongo. Lakini huyu bwana alikuwa na kichwa kigumu, wee acha tu!

"Kimoja cha mwisho, shemeji, tukale."

"Nikikaukia huko, dada yangu utamjibu wewe," shemeji alisema, akaenda zake akicheka.

Saa saba mpimaji akatia jicho kwenye darubini. Maji yalikuwepo. Shemeji kasimama, na chini yake taswira yake, kichwa chini, nyayo kwa nyayo. Hilo nalo alishaliona mara nyingi.

Kisha yule wa chini akaachia rula.

Mpimaji akafuta kioo. Akachungulia tena. Wa juu katulia, kashika rula. Wa chini kajikunja, kamshika mwenzake miguu.

Alipiga mayowe. Akapunga mikono. Mikono yote miwili, jamani! Shemeji akaona, akatii. Magoti yakazama. Kiuno. Kifua. Naye wima, hatikisiki, kamkodolea macho mpimaji akingoja ruhusa. Mpimaji alipozinduka na kushusha mkono mmoja, ilikuwa imebaki rula.

Alikimbia akilia. Kila alivyosogea maji yalirudi nyuma, mpaka akafika. Lami ilikuwa kavu kabisa.

Jioni hewa ikapoa, mazigazi yakaisha. Mkewe akaja.

"Kaka yangu umemwacha wapi?" alinong'ona.

Mpimaji alimwonyesha tu nyayo mbili za viatu kwenye lami. Hazikubonyea. Zilikuwa zimevimba, zimesukumwa kutoka chini.

Asubuhi yake zilikuwa sita, zikielekea nyumbani kwao.