Koti Jeupe Kwenye Kamera

"Fundi!" mwenye duka aliita, na watu wawili wakaitika kwa mpigo: fundi wa kamera aliyekuwa juu ya ngazi, na fundi wa cherehani aliyeketi chini yake. Duka la vitambaa lilikuwa limefurika wateja hadi mlangoni. Kijana wa kamera aligeuka kwa pupa, skrubu ikamponyoka, ikatua mapajani mwa binti wa cherehani, juu ya gauni lake la kijani lenye vifungo vya mbao.

"Kwenu mnasalimiana kwa vyuma?" binti aliuliza.

"Nisamehe, fundi."

"Nimekusamehe, fundi."

Tangu hapo wakaitana hivyo, na masikioni mwa kijana hakukuwa na jina tamu kuliko hilo.

Duka lilipofungwa kijana alimwonyesha binti kazi yake. Alizima taa, na kwenye simu yake iliyoonyesha picha ya kamera rangi zote zikatoweka na duka likabaki la kijivu, lakini hata pini zilizokuwa mezani zilionekana.

"Giza likiingia inawasha taa yake ambayo sisi hatuioni," alieleza. "Hapo inaona umbo tu. Rangi usiiulize."

"Na gari likipita likamulika dirishani?"

Swali hilo lilimkosha kuliko sifa yoyote. Wateja wengi huuliza bei tu. "Ingebabaika: rangi, kijivu, rangi tena. Ndiyo maana nimeiambia isubiri sekunde kumi kabla ya kuamua."

"Ina busara kuliko watu," binti alisema, naye kijana akakunja ngazi yake akiwa ameshazama mapenzini.

Mwezi wa nne wa mapenzi yao, mwenye duka, ambaye ni shangazi yake binti, alimwita aje kukagua rekodi. Ndipo alipomwona mpenzi wake, kwenye rekodi ya jioni moja dukani, akimvisha mwanamume koti jeupe la harusi. Mwanamume alikuwa ameipa kamera mgongo. Binti alimlainisha mabega, akacheka. Kijana akafunga rekodi, akaondoka bila kuaga. Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea.

"Fundi wangu, umemezwa na ngazi?"

"Nani huyo unayemshonea koti jeupe?"

"Sijashona koti jeupe tangu nizaliwe."

"Nimeliona kwa macho yangu."

"Kwa macho yako, au kwa kamera? Siku ile umeme ulikatika, kamera ikabaki kwa betri yake, nasi tukafanya kazi kwa tochi ya simu. Njoo dukani, laazizi."

Alimkuta kwenye stoo ya nyuma, amesimama wima chini ya kamera aliyoifunga humo, koti jeusi tii limelala mkononi mwake. Mishono yake ilikuwa midogo mpaka kijana akaona haya kwa kumshuku mtu mwenye mikono ile. Binti alifunga mlango, akazima taa, akamwambia aitazame kamera hiyo kwenye simu yake mwenyewe. Kwenye kioo cha simu, koti likang'aa jeupe pee.

Kijana alikuwa amefunga kamera mia mbili, na hilo, kwamba gizani kitambaa cheusi mara nyingine hurudisha taa ile isiyoonekana kikatokea cheupe, alilijua vizuri kuliko mtu yeyote mjini. Wivu tu ndio uliomsahaulisha.

"Yule ni kaka yangu," binti alisema gizani. "Umbo lake ni kama lako, nikaazima mabega yake kupimia koti lako. Kamera umeipa sekunde kumi. Mimi hukunipa hata moja."

"Nimekosa. Nimekukosea sana."

"Umenikosea kweli. Siku tatu nimelia nikishona."

Kijana alijua kwamba akikosea neno sasa, atampoteza.

"Koti ulinishonea la nini?"

"La siku utakayokwenda kuniposa kwa shangazi. Nilijua nikikuachia mwenyewe, utakwenda na ovaroli."

Alilivaa palepale. Lilimkaa kana kwamba alizaliwa nalo. "Fundi," alisema, "utakubali nikuoe?"

Binti alianza kuhesabu kwa sauti ya chini, polepole, moja, mbili, tatu, huku kijana amekamata ukingo wa meza. Alipofika kumi, akawasha taa. Koti likawa jeusi, na machozi mashavuni mwake yakaonekana, na tabasamu pia.

"Nimekubali, fundi."

Shangazi akaita kutoka kaunta, "Fundi!" Hakuna aliyeitika.