Njoo kwa Mama

Ng'ombe akishikwa na uchungu huguna, hupiga mateke, humtukana daktari kwa lugha yake. Huyu wa mzee Tolib alisimama kimya chini ya mzabibu wa kliniki, anacheua tu, na ndama amekwama tangu asubuhi.

"Amechoka," alisema Tolib.

"Amechoka au anatusikiliza?" Nigora alitania, huku akivaa glavu ndefu inayofika begani.

Mama mkwe wake, Bi Sabohat, akatoa kichwa dirishani. "Nigora! Si nimekukataza? Mwenye mimba hatii mkono kwenye tumbo la mwenzake!"

"Mama, daktari wa mifugo mji mzima huu ni mimi peke yangu. Nani amzalishe, wewe?"

Mimba mbili zilishamharibikia. Hii ya tatu ilikuwa na miezi sita, na kila mtoto alipocheza, Nigora alisikia raha mpaka machozi yakamlenga. Lakini kazi ni kazi. Akaingiza mkono, akapapasa, akasema kama alivyozoea kuwabembeleza ndama wote, "Njoo. Njoo kwa mama."

Alitegemea kukuta kwato. Vidole vya moto vikamshika, vikabana.

Akachomoa mkono kwa ukelele. Yakafuata maji, ikafuata harufu ya pembe iliyoungua, basi. Tumbo la ng'ombe likanywea mbele ya macho yao.

"Yuko wapi?" Tolib alinong'ona. "Daktari, ndama wangu yuko wapi?"

Kuanzia hapo kliniki haikutulia. Mbwa aliyeletwa kuchanjwa alimwona Nigora akajikojolea; kondoo waliokuja kupunguzwa kwato wakarudi nyuma, wakabanana ukutani; paka aliyelazwa kwa mguu uliovunjika akajikokota mpaka chini ya kabati, na Nigora akawa anazunguka chumba hadi chumba, anafungua madirisha, anayafunga, ananusa mikono aliyoisugua kwa sabuni hadi ikachubuka, na ile harufu haitoki, na tumboni mtoto anacheza, anacheza bila kupumzika, kwa nguvu ambazo hakuwahi kuwa nazo.

Bi Sabohat akaenda kumleta Mulla Qurbon. Mzee akamlaza Nigora kwenye godoro, akaanza kumsomea dua, akainama kusikiliza tumbo. Jasho likamtiririka hadi ndevuni.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "pole sana. Wako alishakufa. Huyu anayecheza si wako. Ulimwita, naye akaja. Nimalizie kisomo tu, atatoka."

"Maliza basi, Mulla! Unangoja nini?" Bi Sabohat alilia.

Mzee akafumbua kinywa. Nigora akakiziba kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamshuka, anaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, lakini kiganja hakikulegea.

"Polepole, mzee," alinong'ona. "Ndiyo kwanza amelala."