Kamba Nyekundu

Saa za mchana, ngazi za lile jengo la maduka hazina adabu. Wanaopanda wanawasukuma wanaoshuka, wanaoshuka wana simu sikioni, na kila mtu anaamini haraka yake ndiyo haraka. Fundi alikuwa anapanda, gitaa begani ndani ya begi jeusi la kitambaa, akielekea karakana ya magitaa ya mjomba wake kule juu. Binti mmoja akashuka mbio kama aliyeitwa na zimamoto, kiwiko chake kikanasa mkanda wa begi, gitaa likachomoka begani, likagonga ngazi, likagonga nyingine, likalala kifudifudi miguuni mwa watu.

"Mungu wangu!" Binti alijishika kichwa. "Kaka, samahani jamani! Nimeliua?"

Alivaa koti jeupe la duka la miwani lililo chini ya jengo hilo, na sketi ya kijani iliyomkaa barabara. Mfukoni alikuwa amechomeka bisibisi ndogo ya kukazia miwani. Macho yake yalikwisha jaa machozi.

Fundi alikuwa amesikia mlio. Mlio mdogo tu, wa mti kukatika, na mtu wa kazi ile haukosei. Lakini alipoyaona yale macho, mdomo ulijisemea wenyewe.

"Hamna neno. Haya madude magumu."

Binti akashusha pumzi. Akaliinua begi kwa mikono miwili kama mtu anayempokea mtoto mchanga, kisha akaona zipu yake imefungwa kamba nyekundu ya kiatu mahali pa kishikio kilichong'oka. "Na kiatu chenyewe umekiacha wapi?"

Fundi akacheka, na kwa kucheka kule akajimaliza mwenyewe.

"Afadhali halijavunjika," binti aliendelea. "Ningekosa raha, na Jumamosi ndiyo siku yangu. Naenda kuwasikiliza Mrefu na Mfupi. Unawajua? Wale dada wawili, gitaa moja na sauti mbili. Hawatumii hata kipaza sauti! Wanakaa mbele yako hivi, unasikia mpaka wakimeza mate. Nimewapenda tangu nasoma sekondari, sijawahi kuwaona kwa macho."

Fundi, aliyekuwa amebeba gitaa la Mrefu mwenyewe, alilipokea begi, akaliweka begani. "Siwajui," alisema.

"Huwajui! Basi rafiki yangu kanitosa, nina tiketi ya ziada. Njoo. Ndiyo faini yangu."

Juu karakanani, Fundi alifungua zipu taratibu, kana kwamba akichelewa ufa utaona haya na kuondoka. Haukuondoka. Shingo ya gitaa ilikuwa imepasuka karibu na kichwa, pale nyuzi zinapokazwa. Mjomba alikuwa safarini. Sheria ya mjomba kuhusu shingo iliyovunjika ilikuwa moja: ikishatiwa gundi inabanwa wiki nzima, na mwenye haraka akanunue jingine. Jumamosi haikuwa mbali kiasi hicho. Fundi aliitia gundi siku hiyo hiyo, akaibana.

Alimpigia Mrefu, akamwambia gitaa limeanguka.

"Liliangukaje?" Mrefu aliuliza.

"Liliniponyoka, dada."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Hilo gitaa aliniachia marehemu baba, mdogo wangu. Sipigi jingine. Jumamosi nilikute mkononi mwangu. Na likinivunjikia mbele za watu, mimi nitazungumza na mjomba wako, wewe tafuta kazi ya kufanya."

Wiki ile usingizi ulimruka. Mchana alivikagua vibano vilivyoishika shingo, jioni simu iliita, maana namba walipeana pale ngazini, na sauti ya binti ilimsahaulisha gundi kwa muda, kisha ikamkumbusha vibaya zaidi.

"Fundi wangu, umekula?"

"Nimekula. Nani kakuambia mimi wako?"

"Nilikuangusha ngazini, nikakuokota. Kitu nikikiokota changu." Akacheka. "Jumamosi uvae vizuri. Halafu kuna wimbo wao wa mwisho, ule wa dirisha. Wakifika hapo usiniongeleshe, nitalia."

"Na wasipoupiga?"

"Wee! Usiniletee mkosi. Nitakufa pale pale, uje kunizika na tiketi yangu."

Fundi aliaga na kurudi kuliangalia gitaa. Angemwambia? Angemwambia nini, kwamba ile siku aliyoingoja tangu sekondari ameivunja kwa kiwiko chake? Angekaa onyesho zima na jiwe kifuani. Hapana. Jiwe hilo alibebe mwanaume.

Jumamosi mchana Fundi alimpelekea Mrefu gitaa, na jioni yeye na binti walipanda kwenye chumba kilicho juu ya duka la vitabu. Viti vilikuwa vya kukunja, wa mbele wamewekewa mito sakafuni, na mwenye duka alikuwa amezima hata friji ya soda ili isivume. Shabiki, kama Fundi alivyokwisha zoea kumwita binti, alivaa gauni refu la buluu na hereni ndogo zilizometameta kila alipogeuka, na aligeuka kila wakati. Alinukia marashi mepesi. Fundi alitamani awe mtu mwingine yeyote mle ndani, mtu aliyekuja kusikiliza muziki tu.

Pazia la nyuma likafunuka kidogo. Mrefu akachungulia, akamwona, akamwita kwa kidole.

Fundi alikwenda. Nyuma ya pazia Mrefu alimshika bega, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Litanifikisha?"

"Usilikaze sana, dada. Likilia hata kidogo, acha."

Aliporudi, hereni za Shabiki hazikuwa zinacheza tena.

"Ulisema huwajui," alisema.

"Sikiliza..."

"Kakuita kama mtu wa nyumbani. Kakushika bega, pazia lilikuwa wazi, nimeona." Alitabasamu, tabasamu la mtu anayelipa asichokula. "Dada mzuri kweli. Ila ungesema tu. Mimi nimekupigia simu kila jioni kukufundisha nyimbo unazozijua, nikajiona mjanja."

Fundi alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Taa zikapunguzwa, watu wakasema sshh, naye akaumeza.

Dada wale wawili walitoka peku, mashati meupe, wakakaa karibu kiasi kwamba aliyekaa mbele angeweza kuwagusa magoti. Mfupi akaimba, gitaa likajibu, na chumba kizima kikatulia tuli. Shabiki aliinama mbele, mikono kifuani. Fundi hakusikia wimbo hata mmoja. Alikodolea macho ile shingo. Kila Mrefu alipovuta uzi yeye alivuta pumzi, na kila makofi yalipopigwa alifuta jasho. Alijua namna anavyoonekana: mwanaume aliyemkazia macho mwanamke mwingine bila kupepesa. Lakini angetazama wapi? Akiangalia pembeni, akarudi, je, kama ufa umefunguka?

Kwenye mapumziko Shabiki alichukua mkoba wake.

"Nahamia mbele, kwenye mito," alisema bila kumtazama. "Huku naona unaangalia kwa niaba yetu wote."

"Mpenzi, naomba nikueleze tukitoka."

"Usiniite hivyo. Bado hujafika huko."

Akaondoka. Kiti kile kitupu kilimkaa Fundi moyoni. Sasa alikuwa na mambo mawili ya kuogopa, na moja lilikuwa limekwisha tokea.

Zilibaki nyimbo chache. Mrefu alikaza uzi mmoja kabla ya ule wa dirisha, akafunga macho, akapiga mara ya kwanza, mara ya pili. Pakasikika mlio. Wengine labda walidhani kiti. Sauti ya gitaa ikalegea na kuteleza chini, Mrefu akafumbua macho, akalitazama gitaa la baba yake kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Samahanini," alisema. "Shingo imefunguka."

Minong'ono ikazuka. Mfupi akaingia nyuma ya pazia, akatoka na begi jeusi la kuliwekea. Kwenye zipu yake ilining'inia kamba nyekundu ya kiatu.

Fundi alimwona Shabiki akiiona ile kamba. Alimwona anavyoinuka nusu kutoka kwenye mto, anavyogeuka, anavyomtafuta kwa macho katikati ya watu. Hakukuwa na mahali pa kujificha.

"Fundi wangu yuko hapa," Mrefu alisema, na sauti yake haikuwa ya mchezo. "Simama. Waeleze hawa watu, maana wamelipa. Uliliangusha wewe, au siyo?"

Fundi alisimama. "Ndiyo. Ni mimi."

"Muongo!"

Chumba kizima kiligeuka. Shabiki alikuwa amesimama, mkoba kaukumbatia.

"Ni mimi," alisema. "Niliteremka ngazi nakimbia kama kichaa, nikamgonga. Nikamuuliza limevunjika, akasema hamna neno. Dada, sikujua ni lako. Nimewangoja ninyi miaka yote hii, kumbe nimekuja kuwavunjia." Sauti ikamkatika. "Usimlaumu yeye. Nilaumu mimi."

Mrefu alimtazama binti, akamtazama Fundi, akapitisha kiganja kwenye uso.

"Mmoja anadanganya, mwingine anakiri," alisema mwishowe. "Njooni hapa nyote wawili, kabla sijaamua wa kumpiga."

Watu wakacheka, na chumba kikapumua. Fundi aliinama juu ya gitaa. Ufa haukuwa umeachia wote. Alilegeza nyuzi zote mpaka zikaning'inia, nao ukajifunga. "Likikazwa chini ya kawaida, na pale tukapafunga kwa nguvu, linaweza kumaliza wimbo mmoja," alisema. "Mmoja tu. Na siwezi kuapa."

"Tufunge na nini?"

Shabiki akaing'oa kamba nyekundu kwenye zipu.

Fundi aliipokea, akaipitisha chini ya nyuzi, ikamponyoka. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa vinatetemeka vibaya.

"Nipe," Shabiki alisema kwa upole. Vidole vilivyozoea skrubu za miwani, ndogo kama mbegu, vilizungusha kamba ile mara nyingi, vikavuta, vikapiga fundo. Kichwa chake kilikuwa karibu na cha Fundi. "Ulijua tangu siku ile?"

"Nilijua."

"Tutaongea." Lakini hakuhamia mbele tena. Alikaa naye sakafuni, pale pale miguuni mwa Mrefu.

Wimbo wa dirisha ulipigwa chini kuliko ulivyozoeleka, na Mfupi alilazimika kuuimba kwa sauti nzito, kama mtu anayezungumza chumba cha pili asimwamshe mtoto. Kamba ilikaza. Ikalegea kidogo. Ikakaza. Uzi wa mwisho ulipotikisika na kunyamaza, gitaa lilikuwa bado zima mkononi mwa mwenyewe, na Mrefu akalibusu gitaa kwanza, kisha akambusu Shabiki kichwani.

"Wewe," alimwambia Fundi, "unalirudisha karakanani kesho. Wiki nzima! Na huyu asikukute nalo ngazini."

Nje mtaa ulikuwa bado na watu, taa za maduka zikianza kuzimwa moja moja. Walitembea bila kushikana.

"Uliusikia wimbo?" Shabiki aliuliza.

"Hapana. Nilikuwa naangalia kamba."

"Hata mimi." Akafuta macho kwa mkono wa gauni. "Wimbo nilioungoja tangu sekondari, sijausikia hata neno. Mbona hukuniambia, Fundi?"

"Ningekuharibia siku yako. Ungekaa pale unaogopa wimbo hadi wimbo."

"Ningeogopa, ndiyo." Alisimama, akamshika mkono, ule ule uliokuwa ukitetemeka, akaubana kwa nguvu. "Lakini tungeogopa wawili, mpenzi. Mimi niliogopa peke yangu, na hata sikujua naogopa nini."