Jina Juu ya Pango

Asubuhi ile haikuwa na kasoro yoyote. Msabah alikunywa chai kwa mkate wa mofa pale mtaani kwao Mkunazini, akampigia simu dada yake Nassra kumtania kama desturi yao, kisha akaenda zake kazini. Alikuwa rubani wa ndege ndogo ya injini moja, ile ya kuwazungusha watalii juu ya kisiwa. Wanapanda, wanapiga picha, wanashuka wengine wakicheka na wengine wakitapika. Ilikuwa kazi tamu, na Msabah mwenyewe alijiona nayo kidogo.

Siku hiyo alitakiwa apange njia mpya ya pwani ya mashariki. Nyuma ya hoteli za Uroa kuna pango ambalo paa lake limebomoka. Ukiwa angani unaona tundu jeusi katikati ya vichaka, na chini yake maji ya buluu. Msabah akaona watalii watalipenda, na ndege ikigeukia hapo itakuwa vizuri. Basi akaketi ndani ya ndege, ikiwa bado imeegeshwa, akawasha GPS na kuingiza vipimo vya mahali penyewe ili mashine iweke alama yake juu ya ramani. Mashine ikaipa alama ile jina la namba, kama inavyofanya isipoambiwa kitu. Marubani hawayapendi majina hayo, huweka yao. Mashine ile inapokea herufi sita tu, nazo unazitafuta moja moja kwa kuzungusha kitufe.

Msabah akaweka NASSRA.

Ulikuwa mzaha tu. Nassra alikuwa mwoga wa ndege tangu utotoni, na asubuhi ile amemwambia kwenye simu kwamba kibati chake hicho hakipandi hata kwa bakora. "Basi ntakupeleka kila siku bila ya kupanda," Msabah alisema, akacheka peke yake.

Lakini mama yao, marehemu Bi Amne, alikuwa mtu wa Uroa, na likizo zote za utoto wao walizimalizia huko. Msabah alijua kwamba pango lile lina wenyewe, wasioonekana. Alijua kwamba watu wakipita karibu yake huitana kwa miluzi, maana jina la mtu halitajwi pale, na anayetajwa huhesabiwa kuwa ametolewa kwa hao wenyewe. Siku moja alimwita Nassra wakiwa karibu na pango, na mama yao akamfinya mdomo mpaka ukavimba. Hayo yote yalimjia pale pale, akiwa bado yuko kwenye herufi ya pili. Akayaona mambo ya kizamani, akaendelea kuzungusha kitufe. Baadaye hakuweza hata kujidanganya kwamba alisahau.

Nassra alikuwa akikaa Mbweni na mumewe, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imeshakuwa kubwa. Safari za njia mpya hazikuwa zimeanza zamani Msabah alipopita kumjulia hali, akamkuta kibarazani, uso umempauka.

"Kaka, mie naitwa," alisema kwa sauti ya chini. "Mchana kweupe. Natoka uani, simuoni mtu."

"Nani akuite?"

"Sauti ya mama."

Msabah akakiangalia kikombe chake cha kahawa. "Na weye unaitika?"

"Mara ya mwanzo niliitika. Nilisema naam." Nassra akashika tumbo. "Tangu siku hiyo mtoto hachezi vizuri. Hospitali wamenambia nipumzike tu."

Maneno yalimfika Msabah kooni. Akayameza pamoja na kahawa, akamwambia dada yake kwamba ni uchovu wa mimba, na Nassra akamwamini. Alikuwa akimwamini kaka yake kwa kila kitu.

Kesho yake, alipowasha GPS, alama haikuwa Uroa. Ilikuwa katikati ya kisiwa, upande wa Dunga. Msabah akadhani alikosea vipimo, akairudisha juu ya pango. Siku ya pili akaikuta imeshavuka Dunga, iko upande huu wa mjini.

"Simai, nani kaigusa mashine hii?"

Simai alikuwa fundi wa ndege ile, Mtumbatu asiyependa maneno mengi. "Ndege ilifungwa," alijibu. "Na funguo nnayo mie."

Msabah akapitisha kidole juu ya ramani, kutoka pangoni mpaka pale alama ilipo, akaendelea mbele. Kidole kilifika Mbweni bila ya kupinda. Akaifuta alama yote. Ikafutika vizuri, hata jina likaondoka. Asubuhi aliikuta imerudi, na ilikuwa karibu zaidi.

Mchana wa siku hiyo Nassra alipiga simu huku akilia. Alikuwa amelala kidogo baada ya chakula, na alipoamka nyayo zake zilikuwa nyeupe. Vumbi la mawe ya pwani, kama ya pale pangoni, lile linaloshika kama unga. Nyumba yake yote ilikuwa ya vigae, na mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

Msabah hakungoja. Alikwenda Uroa kwa dada mkubwa wa mama yake, Bi Mwanakheir, akamkuta anaanika mwani juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda?"

Akajikalisha chini, akamsimulia kisa chote. Ila alisema kimempata rubani mwenzake. Bi Mwanakheir aliendelea kutandaza mwani wake, kisha mikono ikasimama.

"Kamtaja nani, huyo mwenzio?"

"Dada yake."

Bi Mwanakheir akamtazama, akamtazama sana, na Msabah akainamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kitu cha watu. "Pale jina halifutwi," alisema Bi Mwanakheir polepole. "Likitoka moja lazima liingie jengine. Mwambie aweke lake mwenyewe, kwa mkono wake, pale pale alipoliweka la mwanzo."

"Na akishaliweka?"

"Ataitwa yeye. Asiitike."

Msabah alirudi uwanjani jua likiwa bado juu. Akapanda ndani ya ndege na kuifungua alama ile, akaanza kuzungusha. M. S. A. Jina lake lilikuwa na herufi sita kamili. Akaisikia moyoni sauti ya mama yake ikimwita kutoka uani, ingawa bado hakuna aliyemwita. Kidole kikakataa kwenda mbele.

Aliogopa. Hakuna neno jengine la kulisitiri jambo hilo.

Hapo ndipo alipojiona mjanja. Kama linalotakiwa ni jina, basi si kuna la mtu asiyeweza kudhurika tena? Mama yake amelala makaburini Mwanakwerekwe, ameshaombewa, ameshapumzika. Atatolewa mara ngapi? Akafuta herufi zile tatu, akaandika AMNE, akakibonyeza kitufe.

Na mambo yakatulia. Alama ikakaa juu ya pango lake asubuhi baada ya asubuhi. Nassra hakuitwa tena, na mtoto akaanza kumpiga mateke mpaka akawa hapati usingizi. "Huyu kakuchukua weye," alimwambia kaka yake, "hatulii." Msabah alicheka naye. Lakini kila ndege ilipoikaribia Uroa, na kioo cha GPS kikaandika kwamba mbele yake iko AMNE, aligeuza uso akawaonesha watalii kitu kingine. Mwana gani anamtoa mama yake ili ajiokoe mwenyewe?

Nassra alijifungua mtoto wa kike, salama. Msabah alilia hospitali mbele za watu, wakadhani ni furaha peke yake.

Siku ya saba alikuwa na abiria, akafika Mbweni amechelewa. Nyumba ilikuwa inanukia ubani na pilau, na kina mama wamejaa mpaka ukumbini. Nassra akamwekea mtoto mikononi.

"Mpokee, mjomba. Jina keshapewa."

"Nani?"

"Na weye nawe! Mie nna mama wangapi? Amne."

Hakuna Mzanzibari asiyejua kwamba jina la marehemu halikai kaburini, linarudi na mjukuu. Msabah alilijua hilo tangu akili zake, yeye mwenyewe akiwa amepewa jina la babu yake. Na safari hii, katika ujanja wake wote, alikuwa amesahau kweli.

Kitambaa kikateleza miguuni mwa mtoto. Vinyayo vyake vilikuwa vyeupe.

"Jamani, nani kamtia poda miguuni?" Nassra aliuliza huku akicheka.

Msabah akamrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka bila ya kuaga.

Uwanjani hakuikuta ndege. Imekwenda Pemba na rubani mwengine, Simai alimwambia, itarudi alasiri. Msabah akasimama juani. Akakaa. Akasimama tena. Aliomba dua zote anazozijua, akachanganya maneno yake.

Ndege ikatua. Hakusubiri hata injini ipoe. Akapanda, akawasha GPS. Alama ya AMNE ilikuwa Mbweni, pale ilipo nyumba ya Nassra.

M. S. A. Mara hii kidole hakikusimama. B. A. H. Akabonyeza.

Alama ikatoweka Mbweni. Akaitafuta. Ilikuwa Uroa, juu ya pango, na jina lake limeandikwa ubavuni. Msabah akaegemea kiti. Akafunga macho. Akafunga na mdomo, meno juu ya meno. Asiitike. Litakalokuja lije, lakini asiitike.

Hakuitwa.

Simu ikalia. Alikuwa Nassra.

"Mtoto?" Msabah aliuliza.

"Kalala, mzima kabisa. Nshamuosha ile poda yao. Lakini kaka, umekwenda wapi tena? Sahani yako inapoa."

"Nipo uwanja wa ndege."

"Hebu wacha mzaha." Sauti ya Nassra ikashuka, ikawa mnong'ono. "Sasa hivi umeitwa uani. Sauti ile ile, ya mama. Msabah, Msabah."

"Nassra, mie sipo huko."

"Kaka, nimekusikia kwa masikio yangu. Umeitika. Umesema naam."

Msabah hakuwa amefungua mdomo mpaka simu ilipolia. Aliishusha polepole, bado Nassra anamwita ndani yake. Simai alikuwa amesimama chini mlangoni, anamtazama.

Msabah aliinama akavua kiatu. Akavua soksi.

Unyayo wake ulikuwa mweupe, na baina ya vidole lile vumbi lilikuwa bado bichi.