Heshima Waliyompa Madam Benter

Ndugu zangu wa Nyamira, nisikilizeni vizuri, maana jambo hili linatuhusu sisi sote.

Katika shule moja huku kwetu kwenye mashamba ya chai, saa nne ilikuwa saa tamu. Walimu walikunywa chai, wakamenya ndizi na kutaniana. Madam Nyanchoka hakuwa na cheo chochote, lakini hata mwalimu mkuu alimsikiliza. Walimu wangapi wachanga aliwashika mkono! Aliwakaripia, wakanuna, wakajirekebisha.

Akaja Madam Benter kutoka Homa Bay, upande wa Wajaluo, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Alitamani sana kuajiriwa kwa kudumu. Wakampokea kwa furaha, wakamwita omogeni, yaani mgeni. Chai alimiminiwa yeye kwanza. Na kwetu, mnajua, mgeni hakosolewi.

Haya. Gredi ya tisa wakapewa kazi ya mtihani: kila mwanafunzi achonge kinyago chake kwa jiwe laini la Tabaka, lile la kuchongea. Benter akaelewa vibaya, akawapanga watoto kwa makundi. Nyanchoka akapita dirishani, akaona.

"Madam, huyu anakosea. Si umwambie?" Mwalimu Nyabuto, mmoja wa wale wachanga, akamsihi.

"Wacha wewe! Omogeni utamkaripiaje? Atasema Wakisii tunamwonea."

Nyanchoka akishasema, nani angepinga? Wote wakanyamaza. Hata Benter alipouliza, "Jameni, naendelea vizuri?" wakamjibu, "Vizuri sana. Ongeza chai."

Loo! Kazi ilipokaguliwa, ilikataliwa yote. Watoto walilia, wazazi wakafoka, na mkataba wa Benter haukuongezwa. Siku aliyokuwa akifunga mizigo, Nyabuto alishindwa kuvumilia, akamwambia kila kitu. Benter akamwendea Nyanchoka.

"Mama, uliona?"

"Niliona, mwanangu. Nilikuheshimu."

"Na Nyabuto je? Mbona yeye unamkaripia kila siku? Ina maana yeye humheshimu?"

"Yule ni wetu..."

Nyanchoka akajishika mdomo, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Benter akashukuru kwa chai ya mwaka mzima, akabeba begi lake, akaenda. Inaniuma, wallahi inaniuma, maana mwanamke yule alikuwa mwalimu mzuri.

FUNZO

Wewe unayesikilizwa na wenzako kazini, hata bila cheo, usimnyime mgeni ukali unaowapa watu wako. Mwite kando, mwonyeshe kosa lake mapema, hata akinuna. Ukimnyamazia kwa jina la heshima, unamfukuza huku unamchekea.